Sale Iliyoletwa Saa ya Chakula

Kila msimu wa kupanda mlima unapofika, wageni husimama mlangoni pa karakana yangu na kuniuliza wapi wanaweza kupata chakula cha kienyeji, mahali padogo, panapoendeshwa na familia. Zamani walikuwa Wazungu peke yao. Siku hizi wengi ni Watanzania wenzetu kutoka Dar es Salaam na Dodoma, wamevaa kofia mpya za baridi ingawa mjini Moshi kuna joto. Neno "familia" hulitamka kwa sauti laini, kama wanaongea na mtoto mchanga. Mimi huwaelekeza kwa usahihi: nyooka na barabara inayopanda Uru, pita mashine ya kusaga, utaona kibao cha kijani mkono wa kushoto. Siongezi neno. Hawajaniuliza zaidi ya hapo.

Kibao kile kimeandikwa "Mgahawa wa Familia". Nitaeleza kilivyofika pale, kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwepo, na wengine waliokuwepo wana namna yao ya kusimulia ambayo inawafaa wao.

Mgahawa ulikuwa wa dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Baba mkwe wake alikuwa mkulima wa kahawa huko Uru, na alikuwa na watoto watatu wa kiume. Kwa mila yetu mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba, yaani sehemu yake ya shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati huambiwa kwamba ana akili, atajitafutia. Dada aliolewa na huyo wa katikati. Baba mkwe, kwa kumwonea huruma, akampa mwanawe huyo stoo yake ya zamani kando ya barabara, huku chini karibu na mji, ambamo alikuwa akihifadhi kahawa enzi kahawa ilipokuwa na maana. Paa lilikuwa limetoboka na ndani walilala mbuzi wa jirani. Alimpa kwa mdomo, mbele ya wazee wenzake, wakiwa wanapokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Dada na shemeji waliezeka upya, wakajenga jiko kwa nyuma, wakapanga mabenchi. Jina hawakuwahi kuuwekea. Watu walisema "twende kwa mama", ikatosha.

Chakula hakikuandikwa popote. Kuanzia asubuhi palikuwa na mtori, supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama. Mchana palikuwa na machalari, ambayo ni ndizi na nyama bila kupondwa, na makande, na ugali kwa maziwa mgando. Ijumaa za Kwaresima nyama haikuingia jikoni. Ilikuwa siku ya kiburu, ndizi na maharage, na dereva mmoja wa lori ambaye ni Mlutheri alilalamika kila Ijumaa kwamba anafungishwa kwa dhambi za Wakatoliki.

Kwa mtori dada alitumia ndizi mshare tu. Alizimenya kwa kisu akiwa amepaka mikono mafuta ili utomvu usishike, lakini utomvu hushika tu. Vidole vyake nimevijua vikiwa vyeusi tangu nikiwa kijana. Alizichemsha kwenye mchuzi wa mifupa, kisha akashusha sufuria chini na kuziponda kwa mwiko wa mti, amesimama, ameinama, hasemi na mtu. Hakuacha mpaka mwiko uweze kusimama wenyewe katikati ya sufuria, ukasita, ndipo uanguke polepole. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Mwiko ukianguka upesi, mtori ni maji. Usipoanguka kabisa, ni ugali wa ndizi.

Kulikuwa na sheria moja pale ambayo kila mtu aliijua. Mwanamume akiingia na hotpoti mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alihudumiwa kwanza, hata kama foleni imefika barabarani. Maana yake mkewe amejifungua na yuko wodini, na kwetu mzazi hupewa mtori kabla ya chakula kingine chochote. Dada alimchotea kutoka chini ya sufuria ambako nyama imelala, na hakuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume mpaka amemaliza kufunga kifuniko.

Nimejaribu kufikiri kwa utaratibu ni nini hasa kilichokuwa kinatuvuta pale. Chakula kilikuwa kizuri, lakini Moshi ina chakula kizuri kwingine. Bei ilikuwa ya kawaida. Mabenchi yalichoma matako. Nadhani ni kwamba hukuhitaji kujieleza. Yule mzee jirani wa kihamba cha baba mkwe wa dada, ambaye sote tulimwita meku kwa heshima ya umri, aliwekewa nyama laini isiyo na mfupa kwa sababu ya meno yake, na hakuwahi kuiomba. Mimi niliwekewa mtori usio na pilipili, dereva wa lori pilipili mbili nzima. Nikiwa na mota iliyonishinda karakanani dada aliiona usoni, akaniwekea chai bila maneno. Mtu akikujua hivyo unaanza kuamini kwamba na wewe unamjua. Ndipo tulipokosea hesabu.

Mazungumzo ya pale yalikuwa ya kuchokozana.

"Mangi, bakuli la tatu hilo," dada alimwambia dereva, akimwita chifu kwa utani. "Nyumbani hawakulishi?"

"Nyumbani nina mke, mama. Mpishi ninaye hapa."

"Nikimwona kanisani nitamwambia."

"Mwambie. Labda atakuja kujifunza."

"Atakuja kukuchukua kwa sikio," meku alisema bila kuinua uso, na benchi zima likacheka.

Barabara ilipowekwa lami, na nyumba za kulala wageni zikaanza kuota kuelekea mlimani, ile stoo ya mbuzi ikawa kiwanja kizuri. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti wakati shemeji akiwa hai. Shemeji aliugua sukari muda mrefu, akafariki, tukamzika Uru penye migomba. Alimwachia dada mabinti wawili walioolewa mbali. Mtoto wa kiume hawakupata.

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa na duka la vipuri Dar es Salaam. Kama wengi wa kwetu, alionekana Desemba tu, na gari lililooshwa. Safari hii alikuja kwa msiba, na baada ya matanga akakaa na ukoo, akasema ile stoo ilikuwa mali ya marehemu baba, na mali ya baba hurudi kwa mtoto wa kwanza. Dada akasema ilitolewa mbele ya wazee. Akajibiwa neno ambalo mimi nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu nilikuwa nimeketi nyuma ya dada:

"Mpishi hulipwa ujira, mke wetu. Harithi jiko."

Wiki iliyofuata tulikuta kufuli kubwa mlangoni.

Dada hakupiga kelele. Aliweka mafiga matatu nje, mbele ya mlango uliofungwa, akapika hapo. Na ni lazima niseme, kwa haki, jinsi wateja walivyofanya. Walikuja wote. Walikula wamesimama, bakuli mkononi, mvua za masika zikiwanyea, na dereva alileta turubai ya lori lake akaifunga kwenye mti ili moto usizimike. Meku alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu akipita na kuuliza kuna nini, alijibiwa: "Tunakula kwa mama." Siku zile niliamini kitu juu ya watu ambacho siamini tena.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Kutengeneza mota za umeme zilizoungua nilijifunza kwa kuzifungua na kwa vitabu vya mtumba, na kwa njia hiyo hiyo nikaanza kusoma sheria za ardhi, jioni baada ya jioni, na kamusi pembeni. Nilielewa kitu kimoja kwa hakika: shauri la dada lilikuwa zuri, lakini lilisimama kwa mguu mmoja. Kati ya wazee waliosikia baba mkwe akiitoa ile stoo, aliyebaki hai ni meku peke yake. Tulifungua shauri kwenye baraza la ardhi. Baraza likaamuru kufuli litolewe na dada aendelee na kazi mpaka shauri lisikilizwe. Siku kufuli lilipotolewa dada alifagia, akapanga mabenchi, akapika. Meku akasema mbele ya wote kwamba siku ya kuitwa atakwenda, na atasema alichosikia, hata kama itabidi abebwe.

Kilichobaki ni kungoja tarehe. Kaka mkubwa naye alikuwa anaijua.

Kwa asiye wa huku nieleze sale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Aliyekukosea akija na jani la sale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na huletwa na mzee wa heshima, si yeye mwenyewe peke yake. Ukiletewa sale huwezi kukataa. Si kwamba kuna askari. Ni kwamba tangu hapo ukikataa, kosa linahama kutoka kwake linakuja kwako. Nimeona watu waliouliana ndugu wakipatanishwa kwa jani hilo, na sina dharau nalo. Anayelipokea hawezi tena kumshitaki mwenzake kwa jambo lile. Limekwisha.

Lililetwa siku ya kawaida, saa ya chakula, mabenchi yamejaa. Meku aliingia, na badala ya kwenda mahali pake akasimama katikati. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika jani la sale, limefungwa fundo. Nyuma yake alisimama kaka mkubwa, kofia ameishika kifuani, macho chini.

Dada alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono imejaa mafuta na utomvu.

"Meku, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mae," alijibu, yaani mama. "Leo sikuja kula."

Halafu meku akaeleza. Alisema mtoto huyu amekuja kwake usiku wa jana akilia. Amekiri kwamba alitamka neno baya mbele ya ukoo, na kwamba aliweka kufuli kwa hasira ya msiba. Amemwomba yeye, kama rafiki wa marehemu baba yake, amtangulie. Alisema watu wa nyumba moja wasifikishane mbele ya karani. Alisema maneno hayo vizuri, polepole, na aliyaamini. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke juu ya meku: hakununuliwa. Alionyeshwa machozi, na yeye ni mtu wa zama ambazo machozi ya mwanamume yalikuwa na uzito.

Mimi nikasimama. "Dada, subiri kwanza," nilisema. "Tarehe ya baraza imekaribia. Msamaha apewe, lakini shauri—"

"Fundi, kaa," dereva wa lori alinikata. "Wewe ni mtu wa vitabu. Haya si ya vitabu."

"Pokea, mama," mtu wa benchi la nyuma akasema.

"Pokea, mama, yaishe tule."

"Mungu anakuona, mama."

Sauti zikawa nyingi, zote za upole. Hakuna aliyemtisha. Walikuwa wanamwangalia tu, kila mmoja na bakuli lake mbele yake, wakingoja. Dada alifuta mikono kwenye khanga, akaitazama, akaifuta tena. Akapokea.

"Aika, mae," meku alisema. Asante.

Watu wakapiga makofi. Kaka mkubwa akamshika dada mkono kwa mikono yake miwili, akamwita "mke wetu" kwa sauti tofauti na ile ya matanga, na akaagiza soda kwa kila aliyekuwepo. Dereva alichagua ya machungwa. Mimi sikunywa, na watu waliona, na nadhani mpaka leo nahesabiwa kwamba nilikuwa na roho mbaya siku ile.

Tulipobaki wawili, dada akiosha masufuria, nilimwambia alichofanya kaka mkubwa. Alipomfanya meku kuwa mbeba sale, alikuwa amemfunga mdomo. Shahidi wetu wa pekee sasa ndiye mpatanishi. Hawezi kwenda barazani kumshitaki mtu aliyemsimamia.

"Najua," dada alisema.

"Ulijua pale pale?"

"Nilipomwona na lile koti. Mimi si mjinga, mdogo wangu."

"Sasa kwa nini umepokea?"

Aliendelea kusugua sufuria. "Ulitaka nikatae mbele ya watu wanaokula mkononi mwangu? Fundi mwenye kinyongo anatengeneza mota, inazunguka. Mpishi mwenye kinyongo, nani atakula chakula chake? Kesho wangesema mama amekataa sale. Keshokutwa wangesema mtori wake unaumiza tumbo. Huo mgahawa ningeushinda barazani, halafu nikae ndani yake na nani?"

Alikuwa ameona mpaka mwisho wa jambo, mbali kuliko nilivyoona mimi na vitabu vyangu. Alidhani tu kwamba akiwachagua wateja, wateja nao watamchagua yeye.

Shauri likafutwa. Kaka mkubwa alisubiri muda wa adabu, kisha akasema kwamba kwa kuwa sasa tumepatana, tusaidiane kama familia. Alimtuma mkewe kuja kusaidia. Mkewe alisaidia kwa kukaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango na kupokea hela. Mabenchi yakatolewa, yakaja viti vya plastiki. Kuta zikapakwa rangi. Kibao kikapachikwa, kile kile ninachowaelekeza wageni. Ilinunuliwa blenda, kwa sababu kuponda kwa mwiko kunachelewesha, na binti mmoja akaajiriwa kuisimamia. Dada aliambiwa akae kwenye jiko la nyuma, amenye ndizi. Baadaye akaambiwa, kwa heshima kubwa, kwamba amechoka. Mke wetu amefanya kazi sana, apande Uru akapumzike, na akiwa huko amwangalie mama mkwe, ambaye sasa ni wa kulishwa na kubebwa. Kila hatua ilipofika alikumbushwa kwamba ni ya familia. Hakuna hata moja iliyotamkwa kwa ukali. Ukali ulikwisha siku ya sale.

Hakwenda Uru. Alifunga kisu chake na nguo zake, akaenda Bomang'ombe, akapanga kibanda karibu na stendi ya mabasi.

Nilipanda kwa meku mara moja tu. Nilimkuta kwenye kahawa yake, anapogoa matawi makavu, na koti la kanisani hakuwa nalo. Tangu dada aondoke hakuwa ameshuka tena mjini kula. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuja nacho: sale imevunjwa na yule aliyeituma, kwa hiyo haimfungi mtu tena, shauri linaweza kufunguliwa upya kama yeye atakubali kusema.

Alisikiliza yote. "Ni kweli ameivunja," alisema.

"Basi, meku."

"Basi nini, mwanangu? Ameivunja yeye. Mimi niliibeba. Mdomo uliobeba sale haurudi kushitaki."

"Na yeye aliyeivunja?"

"Ataulizwa. Mungu atamuuliza, na hao waliolala mgombani."

"Na dada yangu, yeye ataulizwa na nani kama amekula leo?"

Meku aliangalia kisu chake cha kupogolea. Aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akarudi na kichane cha ndizi za kuiva, akanipa. Nilizipokea kwa sababu yeye ni mzee. Tulipoagana hakunitazama. Nimejaribu kumchukia na sijaweza, na hilo linaniudhi, kwa maana ingekuwa rahisi zaidi.

Kwa wateja sikupata shida hiyo. Walikuwa wamesema, wote, wakati dada anaondoka, kwamba watamfuata. Bomang'ombe si mbali, ni barabara kuu ya Arusha, dereva hupita pale karibu kila siku. "Mama, hata ukipika Tarakea mpakani, tunakuja," alimwambia. Basi siku moja nilikwenda kwenye mgahawa wenye kibao, saa ya chakula, kujionea. Nilitaka kujua nani yupo na nani hayupo. Walikuwepo. Yule wa benchi la nyuma alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Dereva alikuwa dirishani, pilipili mbili mbele yake. Mwanamume mmoja mwenye hotpoti alikuwa amesimama kwenye foleni kama wengine, anahamisha uzito mguu hadi mguu, na hakuna aliyempisha.

"Fundi! Umepotea," dereva alisema, akanivutia kiti.

Nikamuuliza kama amewahi kusimama Bomang'ombe kwa dada.

"Stendi pale kuegesha lori ni taabu, mangi wangu. Nitapita." Kisha akaongeza: "Sasa na wewe usikae na jambo rohoni. Si walipatana? Tulikuwepo wote. Mama mwenyewe alipokea kwa mkono wake."

"Alipokea kwa sababu mlikuwa mnamwangalia."

"Tumwangalie vipi? Tulikuwa tunakula."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akachovya kijiko. Binti wa blenda akaniletea bakuli bila kuniuliza nataka nini, maana saa ile palikuwa na kitu kimoja tu. Mtori ulikuwa laini kupita kiasi, kama uji wa mgonjwa, na ulikuwa umetiwa unga ili uwe mzito. Ndizi zenyewe hazikuwa mshare. Haya niliyatambua kwa uhakika katika kijiko cha kwanza. Nilitazama mabakuli ya wenzangu kuona kama kuna mtu ameacha chochote. Mabakuli yalikuwa meupe hadi chini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bomang'ombe. Kibanda cha dada kina meza moja na kikaango kikubwa. Anauza chipsi na mayai, kwa sababu abiria wa stendi wana haraka na hawawezi kungoja ndizi zipondwe. Vidole vyake vimeanza kung'aa, utomvu umetoka. Basi liliingia, watu wakajaa, wakaondoka na vifuko vyao vya plastiki, na hakuna hata mmoja aliyemwita kitu chochote. Walisema "chipsi kavu", "chipsi mayai", wakanyoosha hela dirishani.

Alipopata nafasi aliniuliza, mgongo kwangu, akigeuza viazi.

"Ulipita kule?"

"Nilipita."

"Wapo?"

"Wapo wote, isipokuwa meku."

Akatikisa kikaango. "Wanasemaje, mtori?"

Nilijua anachongoja. Ningeweza kumwambia kwamba wanalalamika, wanamkumbuka, wanasukuma bakuli pembeni. Lakini dada yangu ndiye aliyenifundisha kusema kitu kilivyo.

"Hawasemi kitu. Wanamaliza."

"Bakuli zima?"

"Zima."

Mafuta yalikuwa yanachemka.

"Na wewe?"

"Nilikuwa na njaa, dada."

"Ulimaliza."

"Nilimaliza."

Basi lingine lilikuwa linaingia stendi. Alifuta dirisha kwa kitambaa, akaniambia nisogee kidogo, nazuia wateja.